Siku ya familia shuleni: wazazi kivyao, walimu kivyao. Tunafanyaje wachanganyike?

mwl_chipukizi

Wakuu habari zenu, wazazi, walimu na wote mliowahi kubeba meza za shule kichwani. Naomba mawazo maana hili jambo limeanza kuninyima usingizi.

Nafundisha shule ya msingi, hapa nilipo ni mwaka wangu wa pili. Juzi kwenye kikao mkuu wa shule akasema mwaka huu siku ya familia iongozwe na damu changa, watu wote wakageuza shingo wakaniangalia mimi, basi hivyo hivyo nikawa mwenyekiti wa kamati, hata kura haikupigwa.

Sasa shida yangu. Mwaka jana nilikuwepo nikaona ilivyokwenda. Maturubai mawili, moja la wazazi jingine la walimu, katikati uwanja mtupu kama mpaka wa nchi mbili. Risala, hotuba, hotuba nyingine ya kushukuru hotuba ya kwanza, watoto wakaimba juani, halafu mhasibu akasimama na habari za madeni. Watu wakala, wakaondoka. Darasani kwangu nina watoto 43 na siku ile niliongea na wazazi watatu tu, mmoja wao alikuwa anauliza choo kiko wapi. Mlinzi, mama wa usafi, dada wa jikoni, hao hata kiti hawakukalia na bado tunaiita siku ya familia ya shule. Viti tulipanga 300, vilivyokaliwa sidhani kama vilifika 100.

Mkuu anataka mwaka huu "iwe kubwa zaidi". Mi sitaki kubwa, nataka watu waongee. Nina wiki sita, bajeti ya kubana, kamati ina watu watano ambao wawili ni majina tu kwenye karatasi. Mliowahi kufanikisha hii kitu mlifanyaje wazazi na wafanyakazi wachanganyike bila kulazimishana? Na kwanza mnawafanyaje waje?

mama_wanne

Mwalimu pole na hongera kwa cheo. Nakujibu kama mzazi maana humu walimu wataongea sana hawa.

Nikuambie ukweli, nikiona karatasi ya shule kwenye begi la mtoto moyo unapiga paa, najua ama ni pesa ama kuna aliyepigana. Na siku za namna hiyo mimi huwa siji, siyo kwamba sijali. Kwanza mwaliko unakuja Alhamisi wa shughuli ya Jumamosi, mi kazi yangu ni ya zamu, ruhusa naomba wiki mbili kabla. Halafu wanaandika saa mbili asubuhi wakati mgeni rasmi anaingia saa tano, nimekaa na mtoto mchanga mapajani saa tatu nzima nasubiri mtu nisiyemjua. Na hii ndo iliyonimaliza kabisa, mwaka fulani walisoma kwenye maiki majina ya ambao hatujamaliza michango. Jina langu likasomwa, mwanangu yuko mstari wa mbele na kofia yake ya karatasi ananiangalia. Sikukanyaga pale miaka miwili. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja utakipigania kwenye kamati basi kipiganie hiki, siku hiyo pesa isitajwe, wala kwa utani. Mhasibu aje kama mtu, aje acheze.

Siku niliyofurahi shuleni haikuwa hata sherehe. Walikuwa wanatundika michoro ya watoto ukumbini kabla ya maonesho, mi nikawahi kufika, namkuta mwalimu wa hesabu yuko juu ya kiti anahangaika na uzi, kila akifunga fundo linafyatuka, michoro yote chini. Nikamwambia teremka baba, lete hapa. Mi nafunga, yeye ananipa vibanio, tukaenda ukuta mzima hivyo. Tukiwa katikati ya hivyo vibanio ndo ananiambia mwanangu hesabu anajua ila anaogopa kunyoosha kidole, yaani anaandika jibu sahihi halafu analifunika na kiganja. Miaka minne ya vikao vya wazazi hakuna aliyewahi kuniambia kitu cha maana kama kile. Wala hatukuwa tunaangaliana usoni, wote macho kwenye uzi, labda ndo maana maneno yalitoka.

Kwa hiyo mi kiti sikihitaji sana mwalimu, nipe kazi.

Kaka Ratiba

Hapo kwenye kazi mama wanne kagusa penyewe. Mimi hizi shughuli za shule nimeziandaa mwaka wa 11 huu na nimeharibu nyingi kuliko nilizopatia, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyeungua.

Viti kwanza. Ukipanga viti mistari mistari vinaangalia mbele, mtu atakaa na aliyekuja naye na ataangalia mbele, kiti kimeshamwambia afanye nini, wewe huku unashangaa kwa nini hawaongei. Sisi tuliacha viti pembeni kwa wazee na wenye watoto wachanga na wajawazito, uwanja uliobaki tukaweka vituo. Meza ndogo, watu wanasimama. Kituo cha kutengeneza vishada, kituo cha drafti, kituo cha kupanda miche bustanini, kituo cha kukarabati vitabu vya maktaba vilivyochanika (hiki niliweka nikidhani hakitapata mtu, ndo kilijaa, kuna akina baba waligombea gundi pale), na kituo ambacho mtoto ndo mwalimu, anamfundisha mtu mzima kitu alichojifunza muhula huu. Chagua shughuli ambazo mtu mmoja peke yake hazimtoshi. Kishada mmoja anashika mshipi mwingine anakimbia nacho. Kitabu mmoja anabana mwingine anagundisha. Mchezo wa kurusha mpira kwenye ndoo haufai kitu kwa hili unalolitaka, watu wanapanga foleni kimya, wanarusha, wanaondoka.

Kila kituo kiwe na wenyeji watatu, mwalimu, mzazi, na mfanyakazi ambaye siyo mwalimu. Na hao watatu wakutane wiki moja kabla, hata dakika 20 zinatosha kugawana nani analeta mkasi. Kikao hicho kidogo ndo kinabeba siku nzima, maana ukiwa na vituo nane tayari una watu 24 wanaojuana kabla geti halijafunguliwa, na hao ndo watawavuta wengine.

Getini mpokee mtu na stika ya jina, andikeni kwa maka pen nene siyo bai pen, jina likisomeka kwa hatua tatu mtu anaita, lisiposomeka hakuna anayeuliza. Chini ya jina la mtu mzima andika amekuja na nani. Mkuu wa shule naye abandike stika, jina tu bila cheo. Stika ziwe na rangi nne na zigawiwe hovyo hovyo siyo kwa darasa, rangi ndo inaamua mtu anaanzia kituo gani, vinginevyo wote watajazana kwenye kivuli.

Nusu saa ya kwanza ndo ngumu kuliko zote. Waliowahi wanasimama na funguo mkononi wanatafuta sababu ya kuondoka. Weka karatasi kubwa ukutani, chora shule katikati, kila familia ikifika ichore njia yake kutoka nyumbani hadi hapo. Utashangaa, mwalimu na mzazi wanagundua wamepita njia moja mwaka mzima.

Hotuba zote kwa pamoja dakika kumi, na ziwe katikati siyo mwanzo. Watoto wasiimbe wote kwa mpigo, gawa dakika tano tano kila nusu saa, maana wakiimba mapema mzazi akishamwona wake anasepa. Shughuli yote ichukue saa mbili na nusu tu basi, watu waondoke bado wanataka. Mgeni rasmi mwondoe kama una ubavu. Kama huna basi mpe kituo, akate karatasi za vishada.

Na andika mishale ya choo bwana, wewe mwenyewe umeshasema mzazi mmoja kati ya watatu alikuwa anatafuta choo.

Spika Mbili

Weka muziki mkubwa tu mkuu watu watachanganyika wenyewe 😂 mnaifanya ngumu

Kaka Ratiba

@Spika Mbili nilifanya hivyo mwaka wangu wa tatu. Watu walicheza dakika kumi, watoto wakacheza siku nzima, watu wazima wakawa wanapigiana kelele masikioni "NINI?" mpaka wakachoka wakaanza kuchezea simu. Muziki uwepo, ila spika zielekezwe nje ya uwanja na sauti iwe ya mtu kuongea bila kunyanyua yake. Dakika 15 za mwisho ndo fungulia.

Spika Mbili

Sawa mzee nimekubali, nitakuja hizo 15 za mwisho

msomi_wa_benchi_la_nyuma

Nachangia kidogo kwa upande wa vitabuni, msinipige mawe.

Kuna mama mmoja mwanasosholojia Joyce Epstein wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, aligawanya ushiriki wa familia shuleni kwenye mafungu sita: malezi ya nyumbani, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii. Nayataja sababu shule nyingi zikisema "tunashirikisha wazazi" zinamaanisha hafla moja kwa mwaka na michango, sasa wewe ukipanga vituo vyako jiulize kila kimoja kinagusa fungu gani. Vitabu na miche ni kujitolea. Mtoto kumfundisha mzazi, hicho kinagusa kujifunza nyumbani, ila ongeza kitu kidogo, mzazi aondoke na karatasi moja ya mchezo wa hesabu au wa maneno ambao ameshaucheza pale pale na mwanae na mwalimu akiwepo. Asipewe tu karatasi, aucheze kwanza.

Mwingine ni Karen Mapp wa Harvard, yeye anasisitiza mambo ya kuaminiana kwanza, shughuli ifungamane na masomo ya mtoto, na kwamba wanaohitaji kujengewa uwezo ni pande zote mbili, siyo mzazi tu. Walimu wengi hatujawahi kufundishwa kuongea na mzazi. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo, kutunga mtihani, kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka, lakini mzazi amesimama mbele yako na hakuna kesi unamwambia nini? Wengi tunakimbilia turubai letu siyo kwa dharau, ni aibu. Wape walimu wenzako sentensi mbili za kuanzia kabla ya siku, mfano "mwanao wiki hii alinichekesha alipo..." na kila mwalimu awe na visa vitano vya watoto watano.

Na usife moyo na viti vyako 100. Ule umoja wa wazazi na walimu wa Marekani ulianza Februari 1897 Washington, akina mama wawili Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst waliitisha mkutano na wakaja watu zaidi ya 2,000, enzi hizo hakuna simu ya mkononi wala grupu. Hawakuitwa kusomewa madeni, waliitwa kuongea habari za watoto wao.

mama_wanne

Msomi hiyo ya mwisho imenikuna 🙏🏽 na hiyo ya walimu kuona aibu sikuwahi kuifikiria, mi nilijua mnatuona washamba

Karani Mstaafu

Wanangu naomba niseme la upande wetu ambao hatushiki chaki.

Nimekaa ofisi ya mbele ya shule maisha yangu yote ya kazi. Mzazi akifika wa kwanza kumwona ni mlinzi, wa pili ni mimi. Mlinzi anajua mtoto gani anachelewa kila Jumatatu na nani anamleta. Mpishi anajua nani hamalizi sahani. Mama wa usafi ndo anamkuta mtoto analia chooni. Sasa siku ya familia ikifika hao wote wanageuzwa vibarua, wewe kaa na sufuria, wewe kaa getini, wewe panga viti kuanzia saa kumi na moja alfajiri halafu uvipangue saa kumi na mbili jioni wakati walimu wameshaondoka. Mimi mwaka mmoja nilikula nimesimama nyuma ya stoo na sare ya shule kifuani imeandikwa "sisi ni familia moja".

Mwalimu ukitaka wafanyakazi wachanganyike na wazazi kwanza hakikisha wana muda wa kuchanganyika. Fanya zamu za nusu saa, hata getini, mwalimu mmoja apokee geti ili mlinzi akacheze drafti (mlinzi wetu alikuwa hafungiki, wazazi walikuwa wanapanga foleni kumjaribu). Kuosha vyombo na kupangua viti viwe kwenye ratiba na majina yaandikwe, ya walimu pia, na mkuu awe wa kwanza kwenye orodha. Na kama ni siku ya mapumziko basi mkuu atangaze mapema inafidiwaje, siku ya kupumzika au vipi, isiwe kutegea huruma. Mtu aliyeburutwa kuja Jumamosi bure atatabasamu mbele ya mzazi kweli?

Tarehe nayo. Najua wapo wanaopenda 15 Mei sababu ni siku ya kimataifa ya familia, Umoja wa Mataifa waliianza 1994, na 5 Oktoba ya walimu ilianza mwaka huo huo. Ni vizuri kwenye bango, ila fungua kwanza kalenda ya shule, nimeona siku ya familia imepangwa wiki ya kusahihisha mitihani, walimu macho mekundu, hata mtoto wake hamwoni.

Bibi Mlezi

Habari zenu. Mimi nalea wajukuu wawili. Naomba tu mwalimu, kwenye mwaliko msiandike "baba na mama". Mjukuu wangu mdogo aliificha hiyo karatasi chini ya godoro siku tisa, nimeikuta nikitandika. Nilipomuuliza akasema bibi wewe hujaandikwa. Andikeni "mtu mzima anayekulea" au mwacheni mtoto ajaze mwenyewe jina la anayemleta.

Na wapo watoto ambao hana wa kuja siku hiyo kabisa, mjiandae nao, si siku hiyo mtoto anazunguka peke yake. Na wapo wazazi walioachana ambao hawasalimiani, wapelekeni kila mmoja mwaliko wake, wasitumiane kupitia kwa mtoto.

Na ngazi za ukumbini sisi wenye magoti tunaziogopa.

mwl_chipukizi

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mkuu ya karani, akakaa kimya, halafu akasema "niandike kwenye kuosha vyombo". Sikuamini.

Bibi shikamoo, hilo la mwaliko nimelibeba kama lilivyo. Ukumbi tumeuacha, kila kitu uwanjani na madarasa ya chini. Tutafanya mtoto ajaze mwenyewe jina la anayemleta, na kwa watoto ambao hawana wa kuja, kila mmoja nimempa mfanyakazi wake wa siku hiyo, tumeshawauliza watoto wenyewe wanamtaka nani na wengi wamemchagua dada wa jikoni.

Mambo yaliyobaki: mvua ikinyesha tunahamia madarasani, uamuzi unafanywa saa moja asubuhi na mtu mmoja tu, siyo kamati nzima kubishana kwenye WhatsApp. Mtoto haondoki getini bila aliyeandikwa naye. Sanduku la huduma ya kwanza lipo kwa mwalimu wa afya. Picha, tutaweka stika ya kijani kwa wasiotaka mtoto wao apigwe picha, hii imetoka kwa mzazi mmoja wa darasani kwangu.

Kitu cha mwisho tunafunga na kuvuta kamba, walimu dhidi ya wazazi! Mnaonaje?

Mwl wa Michezo

Kuvuta kamba naipenda, ulikuwa mchezo wa Olimpiki kabisa kuanzia 1900 mpaka 1920 msiuchukulie poa. Ila mambo mawili.

Moja, siku nzima umehangaika kuwachanganya halafu unafunga kwa kuwagawa tena walimu na wazazi? Tumia zile rangi za stika, nyekundu na bluu dhidi ya njano na nyeupe. Mwalimu na mzazi wakivuta upande mmoja wakaanguka pamoja wataongelea hilo mwaka mzima.

La pili ni kamba yenyewe, hapa sitanii. Mtu yeyote asizungushe kamba mkononi wala kiunoni, asifunge fundo la kushikia, ishikwe kwa viganja tu. Isiwe kamba ya nailoni ya dukani ya kuanikia nguo, ile inanyumbulika kama mpira, ikikatika inarudi kwa kasi na inaumiza vibaya. Taipei mwaka 1997 walifanya ya watu wengi sana, kama 1,600 hivi, kamba ikakatika na wanaume wawili wakakatika mkono kila mmoja. Yenu ni ndogo lakini kanuni ni ile ile, tafuta kamba nene ya katani au iliyotengenezwa kwa mchezo huo, ikague urefu wote, watu wasizidi kumi kila upande, wote wawe na viatu, na wadogo wavute na wadogo wenzao. Eneo la nyuma ya wa mwisho liwe wazi, pasiwe na meza wala mtoto.

Spika Mbili

mi nilikuja kwa ajili ya muziki nimeondoka na elimu ya kamba

mwl_chipukizi

Wakuu nimerudi na mrejesho, imepita Jumamosi.

Walikuja wengi kuliko mwaka jana, getini tuliandika stika 211 za watu wazima. Siyo wote niliowataka. Nilikuwa na orodha ya wazazi 12 ambao hawaji kamwe, niliwapigia mmoja mmoja, simu ya kusema kitu kizuri cha mtoto tu na kumwomba kazi maalumu. Wawili walidhani mtoto kaumia, mmoja alikata simu. Walikuja saba. Mmoja fundi seremala nilimwomba awe mwenyeji wa vitabu, alikuja na gundi yake kutoka nyumbani, akaikataa ya shule akasema hii ya kwenu ni maji.

Yaliyoharibika: vishada tulikosea vijiti, vizito, vikawa haviruki, watoto wanakimbia navyo vinawafuata chini kama mbwa. Watu walicheka mpaka mwalimu wa sayansi na baba mmoja wakakaa chini kuvipunguza na wembe, mwishoni vikaruka vitatu. Maiki ilikufa dakika ya pili ya hotuba ya mkuu, hotuba ikaisha hapo hapo, makofi hayajawahi kuwa makubwa vile. Na rangi ya njano tuligawa nyingi mno, kituo cha miche kikajaa na cha maneno kikakaa tupu saa nzima, hilo kosa langu, stika zilitakiwa zichanganywe kabla.

Walimu watatu walirudi kwenye kivuli chao mapema wakakaa. Niliwaacha.

Kilichonigusa, kwenye ile karatasi ya njia, mama wa usafi alichora ya kwake na mzazi mmoja akaja akaweka kidole juu yake, kumbe ni majirani wa mtaa wa pili miaka sita, mmoja anatoka alfajiri mwingine anarudi usiku. Waliondoka wote kwa miguu.

Mwisho tuliuliza swali moja tu, kila anayetoka anaangusha kokoto kwenye ndoo: umeongea na mtu ambaye hukuwa unamjua? Ndoo ya ndiyo ilijaa, ya hapana ilikuwa na kokoto 19, na watoto walitumbukiza zao kadhaa kwa kucheza kwa hiyo hesabu siyo ya kuapia.

Karani Mstaafu

Vyombo aliosha nani?

mwl_chipukizi

Mkuu, mhasibu na mimi. Mkuu anaosha vizuri, mhasibu anahesabu vijiko kila baada ya dakika.

mama_wanne

😂😂 mhasibu ni mhasibu tu. Mwalimu huo mwaliko mliouandika unaweza kuuweka hapa? Nataka niupeleke shule ya wanangu.

mwl_chipukizi

Huu hapa, watoto waliuandika kwa mkono wao wenyewe, sisi tuliwapa maneno tu:

"Kwa ........ (mtoto ajaze). Mimi ........ nakualika shuleni kwetu Jumamosi saa nne kamili, tutamaliza saa sita na nusu. Njoo na nguo za kazi. Siku hiyo hakuna kikao na hakuna mchango. Unaweza kuja na mtoto mdogo. Nitakuonesha jinsi ya ........ (mtoto ajaze). Tunakuomba utusaidie kwenye kituo cha ........ Kama huwezi kuja niambie ni siku gani unaweza kupita hata dakika kumi, mwalimu wangu atakuwepo."

Tuliugawa wiki tatu kabla. Hapo kwenye "nitakuonesha jinsi ya" kuna mtoto aliandika "kufungua kufuli la stoo", ikabidi tubadilishe kufuli.

Bibi Mlezi

Marahaba mwanangu. Naunakili.